Nyambizi Katika Nyika ya Isiolo: Sanaa ya Kutoonekana na Deni la Waliozama

Msomaji, ukisimama katikati ya mji wa Isiolo ukauliza bahari iko wapi, utaonyeshwa kidole upande wa kusini-mashariki na kuambiwa kwamba ni mbali. Na kweli ni mbali. Kutoka Isiolo hadi bandari ya Kilindini ni safari ya zaidi ya kilomita 700 kwa barabara. Maji makubwa ya huku ni yale ya Mto Ewaso Nyiro, na kiangazi kikizidi hata hayo hupungua mpaka mchanga ukaonekana.

Lakini siku hizi hapana mahali ambapo bahari haifiki. Huingia kwa waya na kwa simu. Tuseme kijana wa Bulapesa amemaliza shule, hana kazi ya jioni, akaketi mbele ya kompyuta kucheza mchezo wa nyambizi, yaani ile manowari inayozama na kutembea chini ya maji. Mbele yake kioo kimejaa mawimbi. Mbali kidogo pana moshi wa meli. Kijana huyo hajapata kuonja maji ya chumvi, lakini usiku huo yeye ni nahodha, na roho za mabaharia kadhaa ziko chini ya vidole vyake.

Babu yake akipita nyuma yake na kumwuliza, "Mjukuu wangu, unafanya nini hapo saa zote hizi?" atajibiwa, "Babu, ninajificha nisionekane." Naye mzee atacheka, maana hilo ni jambo analolijua vizuri kuliko huyo mjukuu. Amelijua tangu alipokuwa akichunga ngamia.

Makala haya yanahusu sanaa hiyo moja ya babu na mjukuu: namna ya kumkaribia adui bila ya macho yake kukuona. Na yanahusu pia wale ambao mchezo huu huwasahau, nao ni watu waliokuwa juu ya maji, wakiwamo vijana wetu wa Afrika Mashariki.

MWAJIFICHO WA WATU WAZIMA

Michezo ya nyambizi si mipya. Mmoja uliojulikana sana, Silent Service, ulitoka mwaka 1985. Ukafuatwa na mingine, na mwaka 2005 ukatoka Silent Hunter III, ambao mpaka leo una wapenzi wake duniani. Katika huo mchezaji ni nahodha wa nyambizi ya Kijerumani katika Vita Vikuu vya Pili, na kazi yake ni kuzamisha meli za mizigo zinazosafiri kwa msafara huku zikilindwa na manowari ndogo zenye mwendo mkali.

Anayeanza mchezo huu hudhani kwamba nyambizi ni chombo cha kupigana. Anakwenda kwa kasi, anainua periskopu, ile darubini ndefu inayochungulia juu ya maji, kisha anaiacha hapo akifurahia mandhari. Baada ya muda mfupi manowari zinamgeukia, mabomu ya kulipuka chini ya maji yanamwagwa juu ya kichwa chake, na mchezo unakwisha. Baada ya kufa mara nyingi ndipo anapofahamu kwamba nyambizi ni chombo cha kujificha. Ni mwajificho, au brikicho kama wanavyouita watoto wa Nairobi, isipokuwa anayeonekana hapa hapewi zamu ya kutafuta wenzake.

Sheria zake ni chache, na mtu wa nyika hahitaji kufundishwa mara mbili.

Sheria ya kwanza ni kwamba mwendo humwonyesha mtu kabla umbo lake halijaonekana. Periskopu ni kitu chembamba mno, na katika mawimbi ni vigumu kuiona. Lakini nyambizi ikienda kwa kasi, periskopu hiyo hukata maji na kuacha mkia mweupe wa povu ambao mlinzi mwenye macho mazuri huuona kutoka mbali. Kwa hiyo nahodha mwenye akili hupunguza mwendo kabisa kwanza, ndipo akainua jicho lake. Wasafiri wa kaskazini wanaikumbuka barabara ya kwenda Marsabit kabla haijatiwa lami. Lori lenyewe hulioni, lakini vumbi lake limesimama angani kama mnara. Povu ni vumbi la baharini.

Sheria ya pili ni kutazama kidogo na kukumbuka mengi. Periskopu hupanda kwa sekunde chache tu. Nahodha huangalia, hupima umbali na upande anaokwenda adui, kisha huishusha na kufanya hesabu zake gizani. Mwenye kuiacha juu dakika nzima amejiandikia hati ya kifo. Mtazame swala twiga wa hifadhi ya Buffalo Springs akiwa nyuma ya kichaka. Hutoa kichwa, hutulia tuli kama tawi, kisha hukiondoa. Hageuzigeuzi shingo kama anayetafuta rafiki sokoni.

Sheria ya tatu ni kumpa adui omo, si ubavu. Nyambizi ikimwelekea adui kwa mbele, kinachoonekana ni kitu chembamba. Ikimpa ubavu, urefu wake wote umeanikwa. Chui anyataye hufanya hivyo hivyo. Huja kwa uso, na mwili wake wote umejificha nyuma ya kichwa chake.

Sheria ya nne ni ya mwanga. Usiku wa mbalamwezi, usikae upande ambao mwezi uko nyuma yako, maana utaonekana kama kivuli kilichochorwa. Mwache adui akae kati yako na mwezi, awe yeye ndiye mchoro, nawe ukae kwenye giza. Mchungaji yeyote ajuaye kazi yake hatembei juu ya mgongo wa kilima wakati wa jua kutua. Hupita ubavuni, ardhi ikiwa nyuma yake badala ya mbingu.

Sheria ya tano ni kwamba bahari iliyotulia ni adui wa nyambizi. Maji yakiwa laini kama kioo, hata kijiti huonekana. Mawimbi, mvua na ukungu ndio marafiki zake, ingawa mawimbi hayohayo humzuia naye kuona vizuri. Na penye maji maangavu, kama vile Bahari ya Mediterania, rubani wa ndege aweza kuiona nyambizi ingawa imezama, kama vile uonavyo samaki kutoka juu ya daraja.

La ajabu ni kwamba kompyuta yenyewe hufanya hesabu za mambo haya yote: mwanga uliopo, ukungu, ukubwa wa mawimbi, mwendo wa chombo na ukubwa wa sehemu inayoonekana. Hata ustadi wa mabaharia wa upande wa pili huhesabiwa. Kijana anayecheza anaweza kudhani ana bahati mbaya, kumbe amehukumiwa kwa hesabu.

USIKU ULIPOKOMA KUWA USIKU

Mambo haya hayakubuniwa na watengenezaji wa michezo. Yalitokea. Mwanzoni mwa Vita Vikuu vya Pili, manahodha wa Kijerumani waligundua kwamba chombo cha Waingereza cha kusikiliza chini ya maji hakikufaa kitu ikiwa nyambizi iko juu. Basi wakaanza kushambulia usiku wakielea juu ya maji, mnara mdogo tu wa nyambizi ukionekana, tena kwa shida. Mmoja wao, Otto Kretschmer wa nyambizi U-99, alikuwa akiingia katikati kabisa ya safu za meli, mahali ambapo hakuna aliyetazamia kumkuta mwizi.

Lakini kila mwenye kujificha ana siku yake. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Machi, 1941, nyambizi nyingine iitwayo U-100 ilionekana gizani na manowari ya Kiingereza Vanoc. Haikuonekana kwa macho bali kwa rada. Vanoc iliigonga na kuizamisha. Usiku huohuo Kretschmer naye nyambizi yake ilizama na yeye akakamatwa. Tangu hapo giza halikuwa tena blanketi la kujifunika.

Hapa ndipo palipo na somo la kwanza. Maficho yoyote ni maficho kwa jicho la namna fulani tu. Jicho likibadilika, maficho huwa mtego.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na mfano wetu miaka mingi kabla ya hapo. Mnamo tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Unguja, kisha ikakimbilia kujificha katika delta ya Mto Rufiji. Mabaharia wake walifunga matawi ya miti kwenye milingoti ili kwa mtu aliye baharini ionekane ni msitu mtupu. Yalikuwa maficho mazuri kwa jicho lililo juu ya maji. Lakini Waingereza walileta ndege, na kwa jicho la angani matawi yale hayakuwa chochote. Ndege hizo ndizo zilizoelekeza mizinga ya manowari Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai, 1915, maisha ya Königsberg yakafikia mwisho. Mizinga yake iliopolewa na kutumika nchi kavu katika vita vile. Mmoja unaweza kuuona hadi leo Fort Jesus, Mombasa.

Kuna na hila nyingine inayomhusu jirani yetu punda milia. Mwaka 1917 mchoraji wa Kiingereza, Norman Wilkinson, alipendekeza meli zipakwe mistari na pembe za rangi zinazogongana. Wengi walidhani ni wazimu, maana meli ya namna hiyo huonekana zaidi. Shabaha yake haikuwa kuificha meli. Shabaha ilikuwa kumchanganya nahodha wa nyambizi anayechungulia kwa sekunde chache, asijue omo ni ipi na tezi ni ipi, wala meli inaelekea wapi. Akikosea hesabu hiyo, kombora lake litapita kwenye maji matupu. Wanaoishi karibu na punda milia wa Grevy wa Isiolo, wale wenye mistari myembamba na masikio makubwa, wanajua jinsi kundi likikimbia pamoja linavyolisumbua jicho. Hujui mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi.

ALASIRI YA KHEDIVE ISMAIL

Sasa msomaji, tuache mchezo kidogo.

Mwanzoni mwa Februari 1944, msafara wa meli za abiria uliondoka Kilindini kuelekea Colombo, katika kisiwa cha Ceylon ambacho leo ni Sri Lanka. Moja ya meli hizo iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa maofisa na askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia mabaharia wa Kiingereza, na wauguzi wanawake. Askari wetu walikuwa wakipelekwa mashariki, kwenye vita dhidi ya Wajapani.

Tarehe 12 Februari, mchana, msafara ukiwa karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ilikuwa imejiweka ubavuni mwa Khedive Ismail. Nahodha wake alikuwa Toshiaki Fukumura. Alifanya yote ambayo kijana wa Bulapesa hufundishwa na kompyuta. Alisubiri, akakaribia, hakuonekana.

Halafu akaonekana. Mlinzi mmoja wa zamu aliiona periskopu, akapiga kelele, na wapiga mizinga wa meli wakaanza kuifyatulia. Lakini wakati huohuo makombora manne yalikuwa yameshatoka. Mawili yalipiga. Khedive Ismail ilizama kwa dakika 3 hivi. Waliokufa ni 1,297. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake 6.

Tazama jambo hilo kwa makini. Jicho la mlinzi lilifanya kazi yake. Lilimwona adui. Lakini lilimwona akiwa amechelewa kwa muda mfupi mno, na tofauti ya muda huo ilikuwa roho za watu 1,297. Kwa mchezaji wa kompyuta, sekunde hizo ni ushindi. Kwa aliyekuwa chini, ndani ya meli ile, zilikuwa ni mlango uliofungwa.

Na mambo hayakuishia hapo. Manowari mbili zilizokuwa zikilinda msafara, Petard na Paladin, zilirudi. Paladin ilianza kuwaokoa waliokuwa wakielea. Nyambizi nayo ilikuwa imejificha chini, pale ambapo juu yake walikuwa wale watu waliookoka. Hapana maficho makubwa kuliko hayo: kujificha chini ya watu wa adui yako mwenyewe. Nahodha wa Petard, Rupert Egan, alikuwa na mambo mawili mbele yake. Akiiacha nyambizi, itaweza kuzishambulia meli nyingine zenye maelfu ya watu. Akiipiga, mabomu yake yatalipuka karibu na watu wanaomwita awaokoe.

Aliipiga. Baada ya kupita mara tatu na mabomu yake, I-27 ililazimika kupanda juu. Ilipigwa kwa mizinga, Paladin ikajaribu kuigonga na yenyewe ikaumia, na mwishowe kombora la Petard likaivunja. Lakini kuna waliokuwa wameokoka katika meli iliyozama ambao hawakuokoka na mabomu ya kuwalipizia kisasi.

Sidhani kuna mchezo wowote wa kompyuta unaomwuliza mchezaji swali alilokabiliwa nalo nahodha yule alasiri ile. Nami sina ujasiri wa kumhukumu kutoka kwenye kiti cha mwandishi.

ISIOLO NA WANAOVIZIA

Pengine mtu atasema kwamba hadithi hizi ni za watu wa pwani na za Wazungu, Isiolo ina nini nazo? Ina mengi. Mji huu tangu zamani ni mji wa askari. Wasomali waliotumikia jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza ni miongoni mwa waliopewa makao hapa, na wajukuu wao wapo. Hadi leo Isiolo ina shule ya jeshi ya kufundisha askari wa miguu, na moja ya masomo ya askari wa miguu popote duniani ni namna ya kutoonekana.

Tena Isiolo inajua uchungu wa risasi itokayo kwa mtu usiyemwona. Mwezi Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Galma Dido. Jina la Wabera limebaki katika mtaa wa mji huu na katika barabara moja ya Nairobi. Miaka iliyofuata, mpaka mwaka 1967, ilikuwa miaka ya vita vya Shifta. Mvamizi alijificha kichakani, askari alijificha akimngojea mvamizi, na mwananchi wa kawaida, mwenye mbuzi wake na watoto wake, hakuwa na mahali pa kujificha. Alionekana na wote. Wengi wa wenyeji walikusanywa wakawekwa katika vijiji vyenye ulinzi, na mifugo ikapotea kwa wingi.

Kwa hiyo mzee wa Isiolo anapomwona mjukuu akijificha kwenye kompyuta, kicheko chake kina mambo mengi ndani. Anaujua ujuzi huo. Anaujua uzuri wake, kwa maana ndio uliomwokoa yeye na ng'ombe wake siku fulani. Anajua pia kwamba kila aliyejificha vizuri kuna aliyekuwa akipita njia bila habari.

WACHEZE, LAKINI

Sisemi vijana waache mchezo huu. Kuna michezo mingi ya kompyuta ambayo humfundisha mtoto kufyatua tu bila kufikiri. Huu wa nyambizi humfundisha kusubiri, kupima, kujua upepo na mwanga, na kutohadaika na haraka yake mwenyewe. Wahenga walinena, kimya kingi kina mshindo mkuu. Kijana aliyeshinda usiku mzima akiukaribia msafara kwa subira, kisha akaghairi kwa kuwa mwezi umechomoza mahali pabaya, amejifunza jambo ambalo litamfaa hata katika biashara ya mbuzi.

Ninachosema ni kwamba tumtazamishe upande wa pili wa ile periskopu. Michezo hii mingi humweka mchezaji katika kiti cha Mjerumani au Mmarekani. Meli anayoizamisha huhesabiwa kwa tani. Hapana mahali kioo kinapoandika kwamba ndani ya tani hizo kulikuwa na mpiga mzinga aliyetoka katika kijiji cha Afrika Mashariki, ambaye bahari yenyewe aliiona mara ya kwanza Kilindini alipokuwa akipanda ngazi ya meli.

Walimu wa historia wanaweza kuanzia hapo. Mvulana asiyetaka kusikia habari za vita vya Burma darasani atasikiliza ukimwambia kwamba tarehe 12 Februari, 1944, periskopu kama ile anayoiinua kila jioni ilionekana kwa kuchelewa kidogo. Na anayekwenda Nairobi anaweza kupita Barabara ya Ngong, kwenye makaburi ya vita, ambako pana ukumbusho wa Afrika Mashariki. Askari waliopotea na Khedive Ismail wanakumbukwa hapo, kwa kuwa bahari haikuwaachia kaburi.

Halafu arudi Isiolo, aketi tena mbele ya kompyuta yake, apunguze mwendo, ageuze omo, angoje giza. Makombora yake yakigonga, asikimbilie kutafuta meli nyingine. Aitazame saa ya ukutani dakika 3 tu, kimya, mpaka zitimie. Ataona jinsi zilivyo fupi kwake yeye, na kuwaza zilivyokuwa kwa waliokuwa wakiutafuta mlango.